Mume Wangu Ana Kitu

Mume wangu nilimshuku miaka miwili na ushei, na sioni haya kulisema. Siyo mambo ya wanawake. Hayo nilianza nayo, nikayamaliza kwa wiki moja: nikanusa kanzu, nikapekua simu, nikamuuliza muuza chipsi wa kituoni kama humwona akishuka na nani. Hola. Nilimshuku kwa jambo kubwa kuliko hilo. Nilimshuku kwamba ana kitu.

Sisi watu wa Kerege tukisema fulani ana kitu, hatusemi gari wala nyumba ya bati la rangi. Tunasema amechanjwa, au amemeza, au chumbani kwake kuna mgeni asiyekula wali. Na mimi, Sikuzani binti Maulidi, nimelala na mtu huyo kitanda kimoja miaka ishirini na sita. Ungekuwa wewe usingeshuku?

Ngoja nimweleze kwanza, maana ukikutana naye njiani utampita. Anaitwa Mrisho. Mrefu, mkavu, miguu imejaa makovu ya majani ya mananasi toka vifundoni mpaka magotini. Hana maneno. Akifurahi anakunywa chai vikombe viwili. Akikasirika anachukua ufagio, kazi ya wanawake, anafagia uwanja mpaka anaingia kwa jirani, na mimi huko jikoni najua leo nimemkera. Shamba lake ni ekari mbili na nusu, kaachiwa na baba yake, marehemu mzee Ausi. Lilikuwa la mihogo, yeye akaling'oa akatia mananasi. Nanasi si mchicha, mwenzangu. Unapanda mche leo, unangoja mwaka na nusu, na siku linapoanza kugeuka manjano si wewe peke yako unayeliona.

Ndiyo maana huku kila shamba lina kago. Kago ni dawa ya kulindia: chupa inafukiwa pembeni, au kibuyu, au kitambaa chekundu kinaning'inizwa, na mwizi akigusa tunda tumbo linamvimba, au anazunguka shambani mpaka jua linamkuta hajaiona njia. Nani alimwona mtu akizunguka? Mimi sijamwona. Lakini kila mtu anamjua mtu aliyemwona. Kago la mzee Ausi lilikuwa kibuyu chenye shanga, kwenye pembe ya magharibi. Na Mrisho mwenyewe alikuwa na hirizi mkono wa kulia, juu ya kiwiko, ngozi nyeusi aliyofungwa na baba yake kabla hajaenda jando. Nilipoolewa nilimkuta nayo. Anaoga nayo, analala nayo, na mimi niliizoea.

Basi akaanza kukaa darasa msikitini kwetu baada ya alasiri. Darasa la sheikh Abdulazizi, mtu wa Mbegani, mpole, hana makeke. Sikuona ubaya. Mume akikaa msikitini si bora kuliko akikaa kwenye bao? Miezi ikapita. Jumapili moja karudi, hakuniamkia hata kwa kukohoa, akaniomba kisu cha jikoni. Akakaa mkekani, akakunja mkono wa kanzu, akaanza kuikata ile ngozi.

"Unafanya nini, baba Shufaa?" Shufaa ni mwanetu wa kwanza, kaolewa Bunju.

"Naikata."

"Hirizi ya baba yako?"

"Mama Shufaa, kwa siku nasali rakaa kumi na saba. Katika kila moja namwambia Mungu sina ninayemtegemea ila Yeye peke yake. Na mkono ninaoweka kifuani wakati nasema hayo umefungwa ngozi hii. Leo nimeona haya."

Akaenda shambani, akakifukua kibuyu cha baba yake, akakichoma kwenye takataka. Akarudi akanywa chai. Kikombe kimoja.

Mimi nilimtazama tu. Moyoni nikasema, Sikuzani, usifanywe mjinga. Mtu haachi kinga ya baba yake hivi hivi. Ukiona mtu ametupa fimbo katikati ya msitu, jua ana bunduki. Siku ya pili nikamwambia njoo nikusugue mgongo. Alishangaa, miaka mingi sijamsugua. Nikamsugua mgongo, kwapa, mapaja, nikitafuta chale mpya. Nilichokuta ni upele wa joto. Nikapekua chini ya godoro, nikapasua mto wake nikaushona upya, nikachungulia ndani ya taa ya zamani ya mama yake. Sikukuta hata uzi, na kutokukuta ndiko kulikonizidishia mashaka. Mtu asiye na chochote kabisa anawezaje kulala usingizi ule?

Kwenye kahawa nako wakamwandama. "Mzee Mrisho, sasa umeweka kago la nani?" Naye anajibu, "Sina. Nimemwachia Mungu." Hamidu, jirani yetu wa mpaka mmoja, mtu wa mzaha lakini mzaha wake una meno, akamwambia mbele za watu, "Na fundi wa hilo la nimemwachia Mungu anakaa wapi, kaka? Nielekeze na mimi niende." Watu wakacheka. Mrisho naye akacheka. Hapo nikazidi kuamini, kwa sababu mtu anayechekwa akacheka lazima kuna anachokitegemea.

Msimu wa kwanza, maana mananasi huku yana misimu miwili kwa mwaka, wezi walipita kwa Hamidu, wakapita kwa wengine, kwetu hawakugusa. Mtaa mzima ukatutazama kwa jicho la pembeni. Wanawake kisimani nikifika wananyamaza. Nikasema, enhe, lisemwalo lipo. Msimu wa pili wakaja kwetu. Bajaji, nadhani, maana niliona alama za magurudumu matatu. Walibeba mistari miwili mizima, mananasi yaliyokuwa yamebakisha siku nne. Nililia kwa sauti. Mrisho akasimama pale kwenye vishina vitupu, akasema, "Ilikuwa riziki yao. Mungu awasamehe." Halafu akaja nyumbani akafagia uwanja mpaka kwa Hamidu.

Kilichoniuma si mananasi peke yake. Niliwaza: kumbe kitu alichonacho kinamlinda yeye, shamba hakilijali. Mume gani anajizindika mwenyewe kwa dawa akamwacha mkewe nje? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo nilikuwa nazifua mwenyewe. Nikamwendea wifi yangu Habiba, dada yake Mrisho. Habiba hakusita. "Wifi, kaka yangu amekuwa siye. Twende kwa fundi."

Tulikwenda njia ya Ubena, tukashuka, tukaingia ndani kwa miguu. Fundi nilimtarajia mzee wa kaniki na mkia wa nyumbu. Tukakuta mtu wa makamo kakaa kwenye kiti cha plastiki, simu mbili mapajani, anachaji moja. Sikumpenda. Lakini alipofunua mdomo alisema maneno niliyotaka kuyasikia. "Mumeo ana kitu. Kikubwa. Kama huoni alipokifunga, basi amemeza." Nikamtazama Habiba, Habiba akanitazama. Tulimwachia jogoo mwekundu, akanipa chupa ndogo yenye maji meusi, imevikwa kitambaa chekundu, imefungwa kwa uzi wa katani. Pembe ya mashariki, akasema, kina cha kiwiko. "Na asiifukue mtu kwa mkono. Wewe uliyeifukia ndiyo kabisa. Ukiigusa tena itakurudia wewe, na haitakuacha. Ukitaka itolewe, niite mimi."

Niliifukia siku ya Ijumaa, wanaume wote wako msikitini. Spika ilikuwa inaleta hotuba mpaka shambani, namsikia sheikh Abdulazizi anawausia watu wamche Mungu, na mimi nimepiga magoti kati ya mananasi nachimba kwa upawa. Moyo ulinidunda. Lakini ulidunda kwa kuogopa kuonekana, siyo kwa kumwogopa Mungu. Nasema kweli yangu.

Msimu wa tatu halikupotea nanasi hata moja. Mrisho alipomaliza kupakia gari la mwisho akaja kunywa chai, vikombe viwili. "Alhamdulillahi, mama Shufaa. Mungu katusitiri."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikamwongeza sukari.

Na bado nikaendelea kumchunguza. Naam. Kago ninalo mimi, namshuku yeye. Binadamu hatuna soni.

Msimu huu uliopita ndipo likaja la Najma. Najma ni mtoto wa Hamidu, ana miaka tisa, mchangamfu, haniamkii shikamoo mpaka ameniuliza kama nimepika vitumbua. Siku ya Jumatatu ametoka chuoni na wenzake, juzuu iko begani, wakapita kwenye pembe ya shamba letu, wakachuma nanasi wakala pale pale kwa kulipasua kwenye jiwe. Jioni ile ile tumbo likamkaba. Wakamkimbiza hospitali Bagamoyo mjini, daktari akasema kidole tumbo, akapasuliwa. Nilipoambiwa alikula nanasi letu, na nilipoambiwa ni pembe gani, nilijua chupa yangu iko hapo hapo. Mtoto wa watu! Nilikuwa nimetega kwa ajili ya wezi wa bajaji, nimemnasa Najma.

Jumatano homa ilikuwa haijashuka. Hamidu akatoka hospitali moja kwa moja mpaka uwanjani kwetu, macho mekundu, hajalala. Mrisho alikuwa ananoa panga. Mimi niko jikoni, juu ya mbuzi, nakuna nazi, mlango uko wazi.

"Kaka Mrisho, sikujia shari. Kitoe kitu chako."

"Kitu gani, Hamidu?"

"Mwanangu kala nanasi lako. Daktari kakata, katoa, kashona, na homa iko pale pale. Kwa nini? Kwa sababu kilichomshika hakikatwi na kisu. Kitoe."

"Sina kitu, ndugu yangu."

"Huna! Sisi tunaibiwa kila msimu, wewe mara moja tu, na huna! Umetufanya watoto miaka yote hii na hiyo nimemwachia Mungu yako. Haya. Kama huna, Ijumaa nasoma Halbadiri. Mwenye kago imle yeye na nyumba yake."

Nazi ilinitoka mkononi. Halbadiri ni kisomo cha kumshtakia mtu kwa Mungu, kinasomwa kwa majina ya wale wa Badri, na huku kwetu hakuna mtu mzima anayeitaja kwa mchezo. Tumewazika watu tukasema ni hiyo.

Mrisho akaweka panga chini. "Usijichoshe kusoma. Kesho baada ya alasiri nitashika msahafu mbele ya msikiti mzima. Nitaapa kwamba shambani mwangu hamna kago."

"Utaapa?"

"Nitaapa."

Hamidu akaondoka. Na mimi nikabaki juu ya mbuzi na kidole kinatoka damu, sikumbuki nilikikuna saa ngapi. Mume wangu atashika msahafu aseme hamna, na chupa imo. Mimi ndiye niliyeitia. Mtu aliyekata ngozi ya baba yake kwa kuona haya mbele ya Mungu, mimi nitamfanya aape uongo mbele ya Mungu huyo huyo, na hajui.

Utasema, si ungemwambia? Ningemwambia. Rahisi kusema. Nilimpigia fundi kwanza. Akasema nafasi anayo Jumamosi, na nilete mbuzi mweusi. Jumamosi! Kiapo kesho. Asubuhi ya Alhamisi nikajaribu kumzunguka Mrisho.

"Baba Shufaa, kwani lazima uape? Si tumpelekee mtoto maziwa, tumpe pole, yaishe."

"Nikirudi nyuma watasema ninacho."

"Na je, kama kuna mtu kaweka huko shambani bila wewe kujua?"

Alinitazama. Aliniangalia muda mrefu kuliko kawaida yake. "Nani aweke?"

"Maadui," nikasema.

Akatikisa kichwa, akachukua kopo la maji akaenda kutawadha. Nami nikaanza kushuku kwamba na yeye ananishuku. Nyumba gani hiyo, jamani? Siku ile sikupika, nilisingizia kichwa.

Alasiri msikiti ulijaa kuliko Ijumaa. Wanawake tuko upande wetu, nyuma ya pazia la kijani, na kila mmoja ametafuta tundu lake la kuchungulia. Habiba yuko ubavuni mwangu. Sala ikasaliwa, nyiradi zikasomwa, watu hawatoki. Sheikh Abdulazizi akasema, "Hamidu, huna shahidi. Mtu akisema hana, tumwamini. Kuapa si jambo la kukimbilia."

"Sheikh, tutapeana mikono kwa mashaka mpaka lini?" Hamidu akajibu. "Mtoto wangu yuko kitandani."

Mrisho akasema, "Niacheni niape, sheikh." Akaletewa msahafu kwenye kibao chake cha marufaa. Nikamwona anapandisha mkono wa kanzu, ule mkono wa kulia, pale juu ya kiwiko ambapo ngozi ilikaa miaka arobaini pana weupe mpaka leo. Hana wasiwasi hata kidogo, mbele ya watu wote wale.

Habiba akanifinya paja. "Nyamaza, wifi," akaninong'oneza. "Akiapa bila kujua hana dhambi."

Hana dhambi, sawa. Dhambi ninayo mimi. Lakini yule ndiye mtu pekee niliyewahi kumjua ambaye anasema jambo msikitini na akifika nyumbani ni hilo hilo. Nikawaza, baada ya leo hata yeye atakuwa amesema uongo, na nitakuwa nimemwibia hilo mimi, mkewe. Mkono wake ulikuwa umefika kwenye jalada.

Nilivuta pazia mpaka likakatika kamba.

"Asiape! Limo! Kago limo shambani, nimeliweka mimi!"

Yarabi! Wanaume hawajui watazame wapi, mwanamke kasimama mbele yao msikitini anapiga kelele. Halafu mzee mmoja wa safu ya mbele akaguna, akasema, "Mke mwema huyo. Anamsitiri mumewe." Na wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo, anamsitiri.

Ala! Damu ilinipanda. Nimekaa na siri inanila mwaka mzima, leo naitapika mbele ya mji, wananifanya muongo! "Nani namsitiri? Mimi? Nimemshuku mtu huyu miaka miwili, nimempasulia mto! Nimeenda kwa fundi kwa miguu yangu. Nimefukia wakati nyie mko hapa hapa mnasikiliza hotuba. Twendeni niwaonyeshe!"

Tukaenda. Mimi mbele, wanaume nyuma, wanawake nyuma yao. Sikuthubutu kugeuka kumtazama Mrisho.

Tulipofika pembe ya mashariki, nikanyoosha kidole chini ya mstari wa tatu. "Hapo." Kabla mtu hajajibu, simu ya Hamidu ikalia. Mkewe, yuko hospitali. Tukamsikia Hamidu anauliza, "Toka lini? Toka alfajiri? Mbona hukunipigia? Chaji... amekunywa uji? Uji wote?" Akakaa chini kwenye mchanga, akafunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Homa ilishuka alfajiri, na sisi hapo ni karibu na magharibi, na chupa bado imo ardhini. Tena mmoja wa wanaume akasema polepole kwamba na binti yake Zuleha alikula lile lile nanasi, na jana kutwa alikuwa anaruka kamba.

Hamidu alipoinuka alimwendea Mrisho, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Kaka, nisamehe. Yameisha. Liacheni huko huko. Mwiteni huyo fundi alitoe mwenyewe."

"Naam, fundi aitwe," watu wakasema, na nikaona wanarudi nyuma hatua mbili, tatu. Nikawaambia maneno aliyoniambia fundi, kwamba nikiigusa tena itanirudia. Wakarudi nyuma zaidi, na tasbihi zao mkononi. Kila mmoja pale ana ya kwake shambani, namjua.

Sheikh Abdulazizi akavua viatu apite akaichimbue mwenyewe. Mrisho akamzuia kwa kiganja. Akanigeukia mimi, mara ya kwanza toka msikitini.

"Unataka aitwe fundi?"

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Nilikuwa naiogopa chupa ile kuliko ninavyoogopa nyoka. Mtoto amepona, kiapo kimeachwa, hakuna tena wa kunilazimisha. Jumamosi haiko mbali. Lakini yeye amesimama pale ametulia, na utulivu wake ukanipandisha hasira zote za miaka miwili.

"Wewe unauliza kirahisi!" nikamwambia mbele ya watu. "Wewe si umezindikwa! Sema leo, mji mzima usikie. Umemeza nini?"

"Sijameza kitu, Sikuzani."

Jina langu hanitajii. Miaka ishirini na sita ni mama Shufaa, mama Shufaa.

Sikumwamini. Hata pale sikumwamini, na nasema hili ili mnijue. Ila nilijua mimi mwenyewe sina kitu. Sina hirizi, fundi yuko mbali, na jina la Mungu nililitumia mwaka mzima kumwongopea mtu juu ya kikombe cha chai. Nikapiga magoti. Nikatoa shahada kwa sauti, kama mtu anayekufa. Nikatia mikono mchangani.

Mchanga wa juu ulikuwa wa moto, wa chini wa baridi. Nilichimba nikilia. Nilikuwa nasikiliza tumbo langu kama limeanza. Kisha nikaona magoti ya kanzu yanashuka kando ya magoti yangu, na mikono miwili mirefu, yenye makovu, ikaingia kwenye shimo pamoja na yangu.

Ilikuwa inatetemeka.

Nikadhani ni yangu inayoitikisa ya kwake. Nikaisimamisha ya kwangu. Ya kwake ikaendelea, vidole mpaka viwiko, na jasho linamtiririka puani linadondokea mchangani. Nikamtazama usoni. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Unaogopa?" nikamnong'oneza.

"Naogopa."

"Hii?"

"Hii, na nyingine. Toka siku ile nilipoikata ile ngozi. Kila nikienda shambani naogopa."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na ulikuwa unalala!"

"Nilikuwa nafumba macho, mama Shufaa."

Nilimwangalia yule mtu. Nimempekua kwapa na mapaja, nimempekulia godoro, nimempasulia mto, nimekwenda mpaka njia ya Ubena kuulizia kitu chake, na kitu chenyewe hana. Hakuwa nacho hata siku moja. Alikuwa mtupu, mwoga kama mimi, na kila asubuhi alibeba jembe akaenda.

Kidole changu kikagusa kioo. Yeye naye akakigusa. Akasema bismillahi, tukaivuta pamoja.